Adabu ya Barua za Kazi Katika Uuguzi: Kutoka Scutari Hadi Barua Pepe

Adabu ya barua za kazi katika uuguzi ilianza zamani kabla ya kompyuta. Florence Nightingale alipofika Scutari, Uturuki, mwaka 1854 kuwauguza askari wa Uingereza katika Vita vya Krimu, alimwandikia mara kwa mara Sidney Herbert, waziri aliyemtuma huko. Alitaja kasoro za hospitali moja baada ya nyingine, kisha akaeleza kinachohitajika. Mwaka 1860 chuo chenye jina lake kilifunguliwa katika Hospitali ya St Thomas', London, na uandishi wa kumbukumbu za wodini ukawa sehemu ya mafunzo.

Baada ya kueleza wazi kinachohitajika, nguzo ya pili ya adabu hii ni siri. Mwaka 1893, huko Detroit, Marekani, kamati iliyoongozwa na muuguzi Lystra Gretter ilitunga Kiapo cha Nightingale, ambamo muuguzi huahidi kutunza siri za wagonjwa.

Kisha ikaja barua pepe. Mtaalamu wa kompyuta Ray Tomlinson alituma ujumbe wa kwanza wa barua pepe kupitia mtandao wa kompyuta mwaka 1971. Chombo hicho kilipoingia hospitalini kilirahisisha kazi, lakini kilizidisha hatari: siri ya mgonjwa yaweza kuwafikia watu wengi kwa kubonyeza mara moja tu. Sheria za kulinda taarifa za watu zikafuata: Marekani mwaka 1996, Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Kenya na Tanzania zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti.

Mpangilio wa ujumbe nao ulipata kanuni. Utaratibu wa SBAR, uliotoka katika nyambizi za jeshi la Marekani, ulichukuliwa na hospitali mwanzoni mwa karne ya 21. Una hatua nne, zinazowakilishwa na herufi za jina lake la Kiingereza: hali ilivyo, historia yake, tathmini na pendekezo. Muuguzi anayemwandikia msimamizi wake barua pepe huweka mada inayoeleweka, kwa mfano "Upungufu wa dripu, wodi ya watoto, zamu ya usiku". Husalimu kwa cheo, hueleza tatizo, husema anachoomba, kisha huandika jina lake kamili na wodi yake. Jina la mgonjwa haliwekwi kwenye mada, na orodha ya wapokeaji hukaguliwa kabla ya kutuma. Mgonjwa akizidiwa, daktari hupigiwa simu au huitwa mara moja. Barua pepe haitoshi.

Vyombo vya kuandikia vimebadilika, lakini wajibu ni uleule: kusema wazi kinachohitajika na kumtunzia mgonjwa siri yake.