Gusaba no gukwa

Gusaba no gukwa ni sherehe ya Wanyarwanda ya kuposa na kutoa mahari, ambayo kwao huitwa inkwano. Mjini Kigali hufanyika ukumbini au kwenye bustani ya kukodi, kabla ya ibada ya kanisani.

Uhai wa sherehe umo katika malumbano. Mshenga wa upande wa mume huketi mkabala na msemaji wa wenyeji, wote wawili wazee wanaokijua Kinyarwanda kwa kina. Mwenyeji hujifanya hajui wageni wamefuata nini. Atadai binti keshaposwa, au atawatoza pombe kwa kuchelewa. Mshenga hujibu kwa mafumbo na nasaba mpaka posa ikubaliwe. Mahari ya asili ni ng'ombe, na wasio na mifugo walitoa majembe. Siku hizi Kigali mara nyingi hukabidhiwa fedha, lakini ng'ombe ndio wanaotajwa, na mchungaji mwenye fimbo huwasifu kwa mashairi. Kuiita inkwano bei ya mwanamke ni kosa: zamani baba mkwe alirudisha ndama, indongoranyo, na koo mbili zikabaki zimefungamana.

Kilichofunga ndoa hasa kilikuwa umwishywa, mmea utambaao ambao mume alimvika mke kichwani, kisha akampulizia maziwa kwa baraka. Baadaye bibi harusi alitawishwa, hafanyi kazi wala haonekani nje, mpaka siku ya gutwikurura, jamaa zake walipokuja na zawadi kumfunua. Mjini desturi hiyo imebanwa ikawa tukio fupi la jioni ileile, na hapo pamepotea mengi, hasa ule muda wa bibi harusi kuzoea nyumba yake.

Miiko iligusa pia kalenda. Mwezi wa Gicurasi, ambao kwa sehemu huangukia Mei, ulikuwa wa kumwombolezea mfalme Ndahiro II Cyamatare, aliyeuawa vitani. Ngoma za kifalme zilinyamaza na watu hawakuoana. Leo sherehe za harusi husimama katika juma la maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994, linaloanza 7 Aprili.

Kisheria, Katiba ya Rwanda huitambua ndoa ya kiserikali ya mume mmoja na mke mmoja tu. Wachumba huapa katika ofisi ya sekta (ngazi ya utawala wa mitaa), mkono wa kulia juu, wa kushoto umeshika bendera ya taifa, na huchagua mfumo wa umiliki wa mali.