Ukakasi na Uji: Tiba ya Tumbo Nyumbani katika Historia ya Kiswahili



Historia ya tiba huandikwa aghalabu kutoka hospitalini. Naomba sisi tuanzie jikoni, kwa maneno ambayo wengi wetu tuliyasikia tulipougua tumbo utotoni: ukakasi, uji, dafu, kufunga tumbo. Ninadai kwamba maneno haya yamehifadhi tiba mbili zilizoishi katika nyumba moja, na kwamba lugha yetu imelipa jina la dawa lile lenye nguvu ndogo zaidi.

Tuanze na ukakasi. Pera bichi likibana ulimi, mtu huamini kwamba utumbo nao utabanwa vivyo hivyo. Ndiyo sababu majani ya mpera huchemshwa na kunywewa na anayeharisha, na maji yake husemwa kuwa "yanafunga tumbo". Wanakemia wanatuambia kwamba ukakasi huo hutokana na tanini, na hatuna sababu ya kuidharau dawa hiyo. Ila tukumbuke kwamba mpera ni mti wa Marekani ya kitropiki, na jina lake tumelipata kwa Wareno. Tiba tunayoiita ya mababu tangu zama za kale haiwezi basi kuwa na umri unaozidi karne tano hivi katika pwani yetu.

Tiba ya pili haikuitwa dawa kamwe. Ilikuwa chakula cha mgonjwa: uji mwembamba wa mchele uliotiwa chumvi kidogo, na maji ya dafu. Mswahili anayetofautisha kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi anajua vyema ni katika hatua ipi tunda hilo hutoa maji ya kunywesha mgonjwa. Maji hayo yana potasiamu kwa wingi lakini chumvi yake ni haba. Kwa hiyo dafu peke yake halimtoshi anayeharisha sana.

Upungufu huo ulikuwa na uzito wa mauti kipindupindu kilipozuka. Daktari James Christie, Mskoti aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu milipuko ya ugonjwa huo Afrika Mashariki, ukiwemo ule wa 1869 hadi 1870. Jina lenyewe, ambalo wengi tunalihusisha na kitenzi *pindua*, linaeleza mwili unavyogeuzwageuzwa. Wala tusidhani kwamba Ulaya ya karne hiyo ilituzidi sana: madaktari wake wengi waliwatoa damu wagonjwa waliokwisha kukauka. Thomas Latta, aliyewatia wagonjwa maji ya chumvi mishipani huko Leith mwaka 1832, hakupata wafuasi wa kudumu.

Jibu lilikawia hadi karne ya 20. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba glukosi na sodiamu huingia pamoja katika ukuta wa utumbo. Mwaka 1968 majaribio ya Dhaka yalithibitisha kwamba mgonjwa wa kipindupindu aweza kurudishiwa maji kwa kunywa, na mwaka 1971 Dilip Mahalanabis aliitumia njia hiyo katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh nchini India. Wanga wa mchele nao, ukishameng'enywa, hutoa glukosi. Sisemi kwamba bibi zetu walivumbua tiba hiyo, kwani chumvi yao haikupimwa. Nasema walikuwa karibu nayo kuliko walivyodhaniwa.

Hapa ndipo lugha inapoleta hasara. Mama huchanganya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, akamnywesha mwanawe. Mtoto huendelea kuharisha. Kwa kuwa "dawa" katika fikra zetu ni kitu cha *kufunga*, mama huamua kwamba imeshindwa, akaiacha, ilhali kazi ya mchanganyiko huo ni kurudisha maji yanayopotea. Mtoto ambaye macho yamedidimia, analegea au anahara damu anastahili kufikishwa kwa mganga wa hospitali bila kuchelewa, akinyweshwa njiani.

Wataalamu wa istilahi wametupatia "kurudisha maji mwilini", na ni kazi njema. Lakini kinywaji chenyewe hakijapata jina fupi lililokubalika. Wengine husema maji ya chumvi na sukari, wengine hutamka tu herufi za Kiingereza zilizo kwenye pakiti, na nimemsikia mzee mmoja akikiita "uji wa hospitali".