Shirikisho la Handiboli Kenya: Majukumu yake na mizani ya kulipima

SHIRIKISHO la Handiboli Kenya (KHF) ndicho chombo kinachosimamia mpira wa mikono nchini. Huandaa ligi ya taifa ya wanaume na ya wanawake, huteua timu za taifa, huwafunza na kuwapangia waamuzi mechi, na kuiwakilisha Kenya katika vikao vya mchezo huo ng'ambo.

Shirikisho hilo ni mwanachama wa Shirikisho la Kimataifa la Handiboli (IHF), lililoasisiwa jijini Copenhagen, Denmark, mnamo 1946 na ambalo makao yake makuu yako Basel, Uswisi. Barani Afrika, liko chini ya Shirikisho la Handiboli Afrika (CAHB), lililoundwa mwaka wa 1973 na kuweka makao yake Abidjan, Ivory Coast. Kenya imo katika Kanda ya Tano pamoja na majirani zake Uganda, Tanzania na Rwanda.

Uanachama huo si pambo. Bila kutambuliwa na vyombo hivyo viwili, timu ya taifa haiwezi kuwania nafasi ya kufuzu kwa mashindano ya Afrika, Kombe la Dunia wala Olimpiki, nazo klabu hufungiwa mlango wa mapambano ya bara.

Handiboli huchezwa na wachezaji saba kila upande, akiwemo kipa, kwenye uwanja wa urefu wa mita 40 na upana wa mita 20. Mechi ya watu wazima huwa na vipindi viwili vya dakika 30 kila kimoja. Mchezaji haruhusiwi kupiga zaidi ya hatua tatu akiwa ameshika mpira, na ni kipa pekee anayeruhusiwa kukanyaga eneo la mita sita mbele ya goli. Mechi huamuliwa na waamuzi wawili wenye mamlaka sawa, hivyo shirikisho hulazimika kuwa na akiba kubwa ya watu waliohitimu kazi hiyo.

Kisheria, mashirikisho yote ya michezo nchini huongozwa na Sheria ya Michezo ya mwaka wa 2013. Sheria hiyo iliunda afisi ya Msajili wa Michezo, ambayo huyasajili mashirikisho na kufuatilia iwapo yanafuata katiba zao, hasa kuhusu uchaguzi. Iliunda pia Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, ambalo mchezaji, klabu au mgombea anayehisi kudhulumiwa anaweza kuliendea.

Hata hivyo, mamlaka ya serikali yana mipaka. Vyombo vya kimataifa havipendi viongozi waliochaguliwa wang'olewe kwa amri ya wizara. Kenya ililionja hilo katika soka mnamo Februari 2022, FIFA ilipoifungia kwa sababu ya kuingiliwa na serikali. Adhabu hiyo iliondolewa Novemba mwaka huo. Walioumia zaidi walikuwa wanasoka, wala si waliokuwa wakivutana.

Changamoto kubwa ya handiboli nchini ni msingi wake mwembamba. Klabu zilizotamba kwa miaka mingi ni za taasisi: Nafaka (NCPB) na Ulinzi kwa wanaume, na Nairobi Water kwa wanawake. Mfumo huo huwapa wachezaji ajira na vifaa, lakini una hatari yake. Taasisi ikipunguza bajeti, timu huyumba, na ligi nzima hutetereka nayo.

Viwanja navyo ni haba. Mechi nyingi za ligi zimekuwa zikisakatwa Kaloleni na Nyayo jijini Nairobi, kwenye viwanja vya wazi ambako mvua inatosha kuvuruga ratiba, ilhali mapambano makuu ya kimataifa hufanyika ukumbini.

Kitalu cha vipaji ni shule za upili, ambako handiboli ni miongoni mwa michezo ya muhula wa kwanza. Swali ni wanafunzi hao huenda wapi baada ya kidato cha nne, hasa wanaoishi mbali na Nairobi.

Afrika imekwisha kuonyesha kwamba njia ipo. Misri iliandaa Kombe la Dunia la wanaume mnamo 1999 na 2021, na kumaliza ya nne katika Olimpiki za Tokyo. Angola nayo imetwaa ubingwa wa Afrika wa wanawake zaidi ya mara 10. Timu kuu za Kenya hazijawahi kushiriki Kombe la Dunia wala Olimpiki.

Anayetaka kulipima shirikisho hana budi kutazama mambo matatu: iwapo uchaguzi hufanyika kwa wakati, iwapo hesabu za fedha huwekwa wazi kwa klabu, na iwapo ligi huanza na kukamilika kama ilivyopangwa. Medali huja baada ya hayo.