Mchicha na sukuma wiki: thamani ya lishe

Mchicha na sukuma wiki ni miongoni mwa mboga za majani zinazoliwa sana Afrika Mashariki. Gengeni hupangwa fungu kando ya fungu, na mnunuzi akikosa moja huchukua nyingine bila kusita, kana kwamba zote ni kitu kimoja. Kwa ukoo wa mimea hazina undugu wa karibu, na kwa lishe zinapishana sana, hata pale ambapo tarakimu za kitabuni zinaonekana kulingana.

Mchicha ni jina la spishi kadhaa za jenasi Amaranthus, zikiwemo A. dubius, A. hybridus na A. cruentus. Wakikuyu huuita terere, Uganda ni dodo, na mashariki ya Kongo na Burundi watu husema lengalenga. Uko katika familia moja na spinachi na kiazi sukari, jambo litakalokuwa na uzito mbele kidogo. Huota upesi kwenye joto, na wiki tatu au nne baada ya kusia mbegu mkulima anaweza kuung'oa au kuukata kwa ajili ya soko. Sukuma wiki ni Brassica oleracea, spishi ileile ya kabichi, koliflawa na brokoli, ila yenyewe haifungi kichwa. Asili yake ni Ulaya na pwani za Mediterania. Huanza kuvunwa miezi miwili hivi baada ya miche kupandikizwa, na majani ya chini yakichumwa ya juu huendelea kuja kwa miezi mingi. Jina lake linataja kazi iliyopewa na wenye kipato kidogo: kuisukuma wiki hadi fedha ipatikane.

Tarakimu

Kwa jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani, gramu 100 za majani mabichi ya mchicha zina kilokalori 23, protini gramu 2.5, kalsiamu miligramu 215, madini ya chuma miligramu 2.3, magnesi miligramu 55, potasiamu miligramu 611, vitamini C miligramu 43, foleti mikrogramu 85 na vitamini A mikrogramu 146. Kiasi kilekile cha sukuma wiki kina kilokalori 32, protini gramu 3, kalsiamu miligramu 232, madini ya chuma miligramu 0.5, magnesi miligramu 27, potasiamu miligramu 213, vitamini C miligramu 35, foleti mikrogramu 129 na vitamini A mikrogramu 251. Tanzania ilipata jedwali lake la vyakula mwaka 2008 na Kenya ikatoa lake jipya mwaka 2018. Tarakimu za jedwali moja hazifanani kabisa na za jingine, kwa kuwa aina ya mbegu, udongo, umri wa jani na saa lilizokaa juani baada ya kuvunwa vyote hubadilisha kilichomo.

Anayesoma orodha hiyo harakaharaka ataona mchicha umeshinda kwa madini ya chuma, magnesi na potasiamu, sukuma wiki imeshinda kwa vitamini A na foleti, na kwenye kalsiamu zimetoka sare. Sare hiyo ndiyo inayodanganya.

Kalsiamu iliyofungwa

Mchicha, kama jamaa yake spinachi, una oksalati nyingi. Oksalati hushikana na kalsiamu na kufanya chembe zisizoyeyuka, ambazo hupita tumboni na kutoka jinsi zilivyoingia. Wataalamu wa Marekani walipima jambo hili kwa spinachi mwaka 1988: watu wazima walifyonza takriban asilimia 5 tu ya kalsiamu yake, wakati ile ya maziwa walifyonza zaidi ya asilimia 27. Miaka miwili baadaye wakapima kale, mboga ya kundi moja na sukuma wiki yenye oksalati kidogo sana. Wanawake walioila walifyonza takriban asilimia 40 ya kalsiamu yake, kuliko hata ya maziwa waliyopewa kwa kulinganisha, iliyofika asilimia 32.

Tupige hesabu kwa viwango hivyo. Gramu 100 za sukuma wiki zingeupatia mwili miligramu 90 hivi za kalsiamu, karibu sawa na kinachofyonzwa kutoka kwenye robo lita ya maziwa. Kwa nyumba ambayo maziwa huonekana kwenye chai tu, habari hii ina thamani kubwa, na inasikitisha kwamba sukuma wiki bado husemwa kama chakula cha kukosa. Mchicha haupati asilimia hiyo, japo jedwali limeuandikia kalsiamu karibu ileile. Kuuchemsha na kumwaga maji hupunguza oksalati inayoyeyuka, lakini maji hayo huondoka pia na vitamini C na foleti.

Chuma na damu

Hapa mchicha unarudisha heshima yake: madini yake ya chuma ni karibu mara tano ya yale ya sukuma wiki. Ni kweli kwamba chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, na sehemu ya kile kinachopimwa kwenye mboga huweza kuwa vumbi la shamba lililoshika majani, ambalo halimfai mlaji. Hata hivyo tofauti ni kubwa. Limau lililokamuliwa juu ya mboga, nyanya, au dagaa na vipande vya nyama ndani ya sufuria moja husaidia chuma hicho kuingia mwilini. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na ugali hukizuia, na mwenye upungufu wa damu angefanya vema kuichelewesha kwa saa moja au zaidi. Aliyeandikiwa vidonge vya kuongeza damu aendelee navyo. Fungu la mchicha halishiki nafasi ya dawa.

Sufuriani

Vitamini A ya mboga zote mbili huja kama betakarotini, ambayo huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Kwa hiyo mapishi ya Pwani ya kuunga mchicha kwa tui la nazi, na yale ya bara ya kutia karanga zilizosagwa, yana manufaa yanayopita utamu. Sukuma wiki iliyokaangwa kwa kitunguu na nyanya inatimiza sharti hilohilo kwa vijiko vichache vya mafuta. Jani lililochemshwa kwa maji na chumvi tu huacha sehemu kubwa ya betakarotini yake bila kutumika.

Vitamini C na foleti zina maadui wengine: maji, moto na muda. Kenya ni kawaida mama mboga kukatia mteja sukuma wiki nyembamba kama nyuzi, na mteja akaiosha afikapo nyumbani. Kila mkato ni mlango wa virutubishi kutoka, na maji ya kuoshea hubeba vingi. Ni afadhali kuosha majani mazima, kisha kukata, kisha kupika mara moja kwa dakika chache. Magadi yanayotiwa ili mboga ilainike huharibu vitamini C zaidi. Mchicha hulainika upesi bila msaada huo.

Mahali mboga ilipoota pana uzito pia. Ndani ya miji hulimwa kandokando ya mito inayopokea majitaka na taka za viwanda, kama bonde la Msimbazi Dar es Salaam, na majani huweza kufyonza risasi na metali nyingine kutoka udongoni. Kuosha hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani ya jani.

Wachache wana sababu ya kuchagua kwa makini zaidi. Aliyewahi kupata mawe ya figo yatokanayo na oksalati atafaidika kwa kupendelea sukuma wiki. Sukuma wiki nayo ina kemikali zinazoweza kuisumbua tezi ya shingo pale mwili unapokosa madini joto, ingawa kwa anayepika kwa chumvi yenye madini joto na kula kiasi cha kawaida hatari hiyo ni ndogo. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda ajue kwamba mboga zote mbili zina vitamini K nyingi, na vitamini hiyo hupunguza nguvu ya dawa. Haambiwi aziache. Hutakiwa kula kiasi kisichobadilika sana wiki hadi wiki, na kumweleza daktari kabla ya kuongeza au kupunguza.