Msaada wa kisheria katika vibali vya kazi na ukaazi (Tanzania Bara)

Msaada wa kisheria kwa mgeni anayetafuta kazi Tanzania Bara una thamani kubwa zaidi kabla ya maombi kuwasilishwa kuliko baada ya kukataliwa. Sababu ni muundo wa sheria zenyewe. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015. Kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji chini ya Sheria ya Uhamiaji ya 1995: daraja A kwa wawekezaji na wanaojiajiri, B kwa waajiriwa, C kwa wanafunzi, watafiti na wengineo. Anayeomba daraja lisilo lake hukwama hata kama nyaraka zake ni safi. Mwajiri naye lazima aonyeshe mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi wa mgeni huyo, andiko ambalo wengi hulipuuza.

Wapo wanaosema maombi ya mtandaoni yameondoa haja ya wakili. Mfumo hupokea fomu. Haumwambii mwombaji kwamba kibali cha kazi kina ukomo wa muda, ilhali kwa anayeomba uraia Sheria ya Uraia ya 1995 hudai ukaazi wa miaka 7 ndani ya 10, pamoja na miezi 12 ya mwisho mfululizo. Mwenye nia ya kubaki anahitaji hesabu hiyo mapema. Gharama ya wakili ni hoja nzito zaidi, na ndiyo inayowalisha vishoka, mawakala wasio rasmi ambao ni vigumu kuwawajibisha wakikosea.