Mmweko wa Kando

Bibi harusi keshaingia ukumbini, vigelegele vimepamba moto. Nikamnyooshea mkono kijana niliyekuja naye kazini: "Flashi, mdogo wangu, haraka!" Akapekua begi, akaniwekea kiganjani flashi diski. Sikuwa na haki ya kumkasirikia. Asubuhi nzima nilikuwa nikimwambia "picha zitie kwenye flashi", naye alikuwa akitii.

Neno hili tumelitwika mizigo mingi. Fundi simu huflashi simu, karani hubeba flashi mfukoni, mpiga picha huifunga flashi juu ya kamera. Na hata kwa mpiga picha linabeba vitu viwili: chombo, na mwanga kinaoutoa. Chombo tukiachie jina lake, limeshazoeleka. Mwanga ndio unaohitaji jina, na Kiswahili kinalo. Tunasema umeme unamweka mawinguni. Kutokana na kitenzi hicho tunapata mmweko, wingi wake mimweko. M zote mbili ziandikwe. Ukiacha moja, msomaji ataanza kumwaza mweka hazina. Kimulimuli hakifai, kwani mdudu yule, sawa na taa ya gari la polisi, huwaka na kuzima mfululizo. Flashi humweka mara moja tu, mara nyingi kwa muda mfupi kuliko 1/1000 ya sekunde, kisha basi.

Bado kuna flashi inayotumika ikiwa imevuliwa kwenye kamera. Kiingereza huieleza kwa mahali isipokuwepo, nasi tukifuata neno kwa neno tunapata "flashi nje ya kamera". Sarufi haina kosa, lakini mwanafunzi hasaidiki: hata flashi iliyolala ndani ya begi iko nje ya kamera. Tena kauli hiyo huchukulia kwamba kwao flashi ni juu ya kamera. Sivyo ilivyoanza. Mwaka 1887, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke wa Ujerumani walipotoa unga wa magnesi wa kupigia picha, unga ule uliwashwa mbali na kamera, na Kijerumani kikauita mwanga wake kwa jina la radi. Kupanda juu ya kamera kulikuja baadaye.

Mimi nasema mmweko wa kando. Ukitaka kujua kwa nini, tafuta kinyago cha Kimakonde cha mpingo, kile cha ujamaa ambacho watu wamepandana mabegani. Kinyago hakichoki wala hakipepesi macho, kwa hiyo ni mwalimu mzuri. Kiweke mezani jioni, upige kwanza flashi ikiwa juu ya kamera. Mpingo uliosuguliwa utakurudishia doa jeupe machoni, na wale watu wote watabandikana kama ubao mmoja. Vivuli vipo, ila vimejificha nyuma ya vitu vyenyewe, kwa sababu mwanga umetoka pale pale lenzi inapotazamia.

Sasa ivue flashi, uitie kwenye stendi mita 1 kushoto kwa kinyago, juu kidogo ya kichwa chake. Triga moja juu ya kamera, nyingine kwenye flashi; zitaitana kwa redio. Piga tena. Mbavu zinahesabika, vidole vinaonekana vilivyoshikana, na njia ya patasi unaifuata kwa jicho. Doa limeondoka kwa kuwa mng'ao sasa unaruka upande mwingine, hauirudii lenzi. Uso mweusi wenye jasho la ukumbini hufuata kanuni hiyo hiyo.

Isogeze stendi hadi mita 2. Mwanga hautapungua nusu; utabaki robo. Mwanga wa chumba ukizidi, ongeza kasi ya shata: wa chumba utafifia, mmweko utabaki vile vile, maana wenyewe huisha kabla pazia halijafunga. Lakini usivuke kikomo cha kamera yako, mara nyingi 1/200 au 1/250. Ukivuka, hakuna nukta ambapo kihisi chote kiko wazi, na picha itatoka na utepe mweusi.

Kuna atakayeuliza: flashi ikiwa nyuma au juu, nayo ni ya kando? Ndiyo. Mtu akiambiwa "kaa kando" haulizi kushoto au kulia. Anaondoka alipo na kutafuta pake. Ndani ya mmweko wa kando kutakuwa na wa nyuma, wa juu na wa ubavuni. Jina linamdai mpiga picha aamue mahali.

Siku hizi yule kijana namwambia, "Simama kando, kulia kwa bibi harusi." Haniulizi flashi ipi.