Turubai jepesi la lori: Uzito, kitambaa na kipimo kinachofaa

MAHINDI yakinyeshewa safarini hayaharibiki siku hiyo hiyo. Hupokewa ghalani yakiwa na sura njema, na ni baada ya siku kadhaa ambapo kuvu huanza kuota katikati ya magunia, na pamoja nayo sumu ya aflatoksini ambayo haionekani kwa macho wala haiondolewi kwa kupika.

Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yaliyokuwa na sumu hiyo, ambayo yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu. Ndiyo sababu nafaka inayosafirishwa hutakiwa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5, na ndiyo sababu kitambaa kinachoifunika ndani ya lori si jambo dogo.

Saruji nayo ikilowa hugeuka mawe ndani ya mfuko. Mbolea huyeyuka, na vyuma hushika kutu kabla ya kumfikia mnunuzi. Kwa trela lisilo na kuta, turubai ndilo paa na ndilo ukuta.

Hata hivyo, turubai zito lina gharama yake. Dereva na utingo wake hulibeba mabegani, hulipandisha juu ya mzigo na kulitandaza wakiwa wamesimama mahali pasipo na pa kushika. Wengi huumia mgongo, na wengine huanguka. Kwa sababu hiyo, wasafirishaji wengi hutafuta turubai jepesi. Swali ni wepesi wa kiasi gani, na kwa mzigo upi.

Uzito hupimwaje?

Uzito wa kitambaa cha turubai hutajwa kwa gramu katika kila mita mraba. Bidhaa zinazofuata vipimo vya Marekani hutajwa kwa aunsi katika kila yadi mraba. Aunsi 18 ni sawa na takriban gramu 610 kwa mita mraba, aunsi 14 ni gramu 475, aunsi 10 ni gramu 340, na aunsi sita ni gramu 200 hivi.

Kwa kawaida, kitambaa cha gramu 600 na zaidi huhesabiwa kuwa kizito, cha gramu 400 hadi 550 ni cha wastani, na cha chini ya gramu 400 ni chepesi.

Tofauti hiyo hudhihirika pindi hesabu inapofanywa. Chukua trela lenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 2.5, lenye mzigo wa kimo cha mita mbili. Ili turubai lifunike juu na pande zote nne, urefu wake huwa mita 12 na kuongeza kimo mara mbili, yaani mita 16. Upana huwa mita 2.5 na kuongeza kimo mara mbili, yaani mita 6.5. Eneo lote ni mita mraba 104.

Kwa kitambaa cha gramu 650, turubai hilo litakuwa na uzito wa karibu kilo 68. Kwa gramu 480 litakuwa kilo 50, kwa gramu 340 kilo 35, na kwa gramu 200 kilo 21. Hapo hazijahesabiwa pete, pindo wala kamba.

Faida ya wepesi ni ipi?

Baadhi ya wauzaji hudai kuwa turubai jepesi humwezesha mwenye lori kubeba mzigo zaidi bila kukiuka sheria ya mizani. Hoja hiyo haina uzito. Lori la ekseli sita huruhusiwa uzito wa jumla wa tani 50 katika barabara za Kenya, na kilo 30 zinazookolewa ni pungufu ya mfuko mmoja wa saruji.

Faida ya kweli iko kwa watu. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, huchukua kilo 23 kuwa kikomo cha mzigo wa kuinuliwa na mtu mmoja hata pale hali zote zinapokuwa nzuri. Kuinua juu ya kichwa, kujipinda au kusimama mahali panapoteleza hupunguza kikomo hicho zaidi. Turubai la kilo 68 hulipita mara tatu.

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake, na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo humpa mfanyakazi aliyeumia haki ya kulipwa. Kwa hivyo, uzito wa turubai ni suala la mwenye gari, si la utingo peke yake.

Vitambaa vilivyopo

Turubai la pamba ndilo la zamani zaidi. Lina sifa moja njema: hupitisha hewa, hivyo mzigo haulowi kwa mvuke wake wenyewe. Lakini hunyonya maji, huwa zito maradufu likinyeshewa, huchelewa kukauka na huoza likikunjwa bichi. Anayetafuta wepesi asilitazame lilivyo kavu dukani.

La pili ni turubai la nyuzi za poliesta zilizopakwa plastiki ya PVC pande zote mbili. Hili halinyonyi maji, hudumu miaka kadhaa juani na hutengenezeka kwa urahisi. Hupatikana kuanzia gramu 340 hadi zaidi ya 650. Kwa lori linalofanya safari ndefu kila juma, hili ndilo chaguo la kawaida, na la gramu 450 hadi 550 huwa na mizani nzuri kati ya wepesi na uimara.

La tatu ni turubai la polithini iliyofumwa, ambalo mara nyingi ni la rangi ya buluu, kijani au fedha. Ni jepesi na ni rahisi, lakini jua hulifanya likauke na kukatika, na upepo huling'oa kwenye pete. Linafaa safari fupi, au kuwekwa chini ya turubai kuu kama kinga ya pili. Halifai kuachiwa peke yake shehena ya safari ya siku tatu.

Lipo pia la nailoni au poliesta nyembamba, lenye gramu 200 hivi, ambalo madereva wa Marekani hulilinganisha na mwavuli wa kurukia kutoka kwenye ndege. Mtu mmoja hulitandaza bila taabu. Udhaifu wake ni kingo kali: ncha moja ya chuma hutosha kulichana.

Mzigo ndio huamua

Magunia ya nafaka, sukari au mbolea hayana kingo kali, kwa hivyo turubai la wastani au jepesi la PVC hutosha. Saruji huhitaji kinga kamili dhidi ya maji, hivyo kitambaa kisichopungua gramu 450 ni salama zaidi, hasa msimu wa masika.

Nondo, mabati, vyuma na mashine huhitaji kitambaa kizito, angalau kwenye pembe. Njia ya kupunguza uzito hapa si kununua kitambaa chembamba, bali ni kukinga kingo za mzigo kwa vipande vya matairi makuukuu au mazulia kabla ya kufunika. Baadhi ya mafundi hushona tabaka la pili la kitambaa mahali penye msuguano pekee na kuliacha eneo lililosalia likiwa jepesi.

Njia nyingine ni kugawa turubai. Badala ya moja la mita 16, hutumika mawili yanayopishana kwa mita moja. Kwa kitambaa cha gramu 480, kila kipande huwa na kilo 26 hadi 27, uzito ambao watu wawili huweza kuupandisha bila hatari kubwa. Cha nyuma hutandazwa kwanza, kisha cha mbele hukilalia juu, kama yalivyo mabati ya paa, ili upepo na mvua zisiingie kwenye mwanya wakati lori linapokwenda.

Upepo na mvuke

Lori la mizigo nchini Kenya haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo: lori likitoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, msukumo huongezeka mara nne. Turubai lililolegea hupigapiga hadi likapasuka kwenye pindo, na jepesi hupasuka upesi zaidi kuliko zito. Anayenunua turubai jepesi hana budi kuongeza sehemu za kufungia. Pete zisizozidi nusu mita kutoka moja hadi nyingine ni kipimo kizuri.

Adui mwingine hutoka ndani. Lori linaloondoka Mombasa hubeba hewa yenye joto na unyevu chini ya turubai. Likifika Timboroa usiku, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,500, hewa hiyo hupoa na kugeuka matone yanayodondokea mzigo. PVC haipitishi hewa, kwa hivyo mzigo huweza kulowa hata pasipo mvua. Suluhisho ni kupakia nafaka iliyokaushwa barabara, kuacha nafasi ya hewa kati ya mzigo na kitambaa, na kufunua pembe kwa saa chache gari linapoegeshwa juani.

Tahadhari pia kuhusu mabwawa juu ya mzigo. Mahali palipobonyea mita mbili kwa moja, kwa kina cha sentimita 10, hukusanya lita 200 za maji, yaani kilo 200. Uzito huo huweza kulipasua turubai jepesi na hata kuathiri vipimo vya ekseli kwenye kituo cha mizani. Mzigo upangwe ukiwa na mwinuko katikati.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Maandishi kwenye lebo si ushahidi. Turubai zima lipimwe kwenye mizani, kisha kilo zigawanywe kwa eneo lake. Turubai la mita sita kwa nane lina mita mraba 48. Likiwa na kilo 24, kitambaa chake ni gramu 500. Pakiwapo kipande cha mfano cha sentimita 10 kwa 10, gramu zake zizidishwe mara 100.

Baada ya hapo, kitambaa kiinuliwe kuelekea jua ili vitundu vionekane. Kikunjwe kwa nguvu na kutazamwa iwapo rangi hubanduka. Maungio yaliyochomwa kwa joto hayapitishi maji, ilhali mshono wa uzi huacha matundu ya sindano. Upindo uwe wa tabaka mbili, wenye kamba ndani.

Kwa shehena inayovuka mpaka wa Malaba au Busia, pete zote ziwe kamili, ili kamba moja ipite katika matundu yote na kufungwa kwa lakiri ya forodha. Tundu moja lililong'oka huweza kuzua maswali na kuchelewesha safari.

Kulitunza

Turubai likunjwe likiwa kavu na kuhifadhiwa mbali na panya, mafuta na betri. Tundu dogo lizibwe siku hiyo hiyo kwa kiraka cha kitambaa cha aina ile ile, chenye pembe za mviringo ili kisibanduke.

Aidha, turubai la aina yoyote hufunika tu, halishikilii mzigo. Mikanda na minyororo hukazwa kwanza, ndipo turubai hufuata. Wakati wa upepo mkali, kazi ya kufunika hufanywa mahali penye kizuizi, na sehemu kubwa ya kamba hufungwa watu wakiwa chini. Turubai hununuliwa tena. Mtu aliyeanguka kutoka juu ya shehena hana badala yake.